Ua la Mpingo na Mzunguko wa Kahawa

Kipande cha mpingo kilikuwa kimoja tu, kikubwa kama kiganja cha mtoto, nacho kilitokana na mguu wa kitanda cha marehemu mama yake Humaid. Kifuniko cha mninga cha kasha la arusi nacho kilikuwa kimoja. Kaa la ubani lilikiunguza katikati zamani, na wanawake wanne waliolirithi kasha lile, lililofika Tabora mabegani mwa wapagazi, walilificha doa kwa kitambaa. Kesho kasha lingekwenda na Ruaa, binti wa mwisho wa Humaid, nyumbani kwa mumewe. Baba yake hakutaka liende na doa.

"Na ukikosea?" Humaid alimuuliza Asnath, fundi wa mbao, katika karakana yake pale Ipuli.

"Mbao nyingine hakuna, mzee," Asnath alijibu. "Kwa hiyo nisikosee."

Alikwisha kuubandika mpingo juu ya mninga, pale penye doa, na kuchora ua la petali nane. Msumeno wake wa maua ulikuwa na wembe mwembamba kama uzi, unaopanda na kushuka wima, na meza yake iliweza kulazwa upande. Ikilazwa digrii tatu, mkato hutoka mshazari: ua huwa pana juu na jembamba chini, na likisukumwa katika tundu la ubao wa chini hukaza kama kizibo. Sharti ni moja. Wakati wote wa kukata, ua libaki upande wa meza ulioshuka. Likikaa upande ulioinuka, hupwaya na kudondoka. Meza ya Asnath ililala kushoto, hivyo kwa miaka tisa aliyazunguka maua yote kama mshale wa saa.

Humaid alipomwona akiipima njia hiyo kwa kidole, aliinua mkono.

"Sivyo, mwanangu. Kwetu kahawa humwanzia aliye kulia, ikazunguka hivi." Kidole chake kilikwenda kinyume cha saa. "Chetezo cha ubani hali kadhalika. Kasha la arusi halizungukwi kinyumenyume."

"Mashine haijui kahawa, mzee."

"Basi ifundishe."

Asnath hakucheka. Alichukua vipande viwili vya mbao zisizo na kazi, akakata ua dogo kwa njia ya mzee. Lilipita tunduni moja kwa moja, likaanguka sakafuni. Humaid alilitazama. Kisha akaanza kukikunja kitambaa cha kasha, taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

"Subiri," Asnath alisema. "Meza ikilala kulia, njia yako itafaa. Ila sijawahi kuilaza huko."

Alichomoa waya wa umeme, akapiga magoti. Nati iliyo chini ya meza ilikuwa imeshikwa na vumbi na nta iliyoganda. Aliisugua kwa brashi, akaitia tone la mafuta, akaisukuma kwa spana hadi ikatoa mlio na kukubali. Hakukiamini kipimo cha mashine. Aliupima mlalo kwa kibao alichokichonga mwenyewe. Akafunga wembe mpya, akaugusa kwa ukucha na kuusikiliza kama mtu anayekaza uzi wa zeze. Alipochomeka waya tena, ua la majaribio alilokata lilikaza.

Ndipo akaupitisha wembe katika tundu dogo alilotoboa mwanzoni mwa mstari, akakaza taya mbili za msumeno zinazoushika, akakanyaga swichi. Humaid alisogeza kiti.

Meza ilikuwa imegeuzwa. Mikono haikuwa imegeuzwa. Ilianza kuuzungusha ubao kama ilivyozoea.

"Mwanangu," Humaid alisema bila kupaza sauti, "kahawa imegeuka."

Mguu wa Asnath uliinuka kabla hajaelewa. Wembe ulikuwa umekula upana wa punje ya ufuta, upande usiofaa.

"Ubao umeharibika?"

"Ungeniacha nifike kwenye petali, ungekuwa umeharibika."

Alifuta viganja kwenye aproni, akaurudisha wembe tunduni, akaanza upya. Humaid alikuwa amenyoosha kidole juu ya goti, akikizungusha polepole kinyume cha saa. Katika petali ya tano mlio wa mashine ukawa mkavu. Asnath alisimamisha, akaushika ubao kwa kiwiko usisogee, akakaza skrubu ya taya ya juu iliyokuwa imelegea, akaendelea. Petali ya nane ilipokwisha, aliondoa mguu kwenye swichi.

Alilisukuma ua la mpingo katika tundu la kifuniko kwa vidole gumba, akaligonga mara mbili kwa nyundo ya mpira. Kando ya petali ya kwanza ulibaki mkwaruzo mdogo.

"Nitauziba kwa vumbi la mninga na gundi."

"Uache. Ruaa atauliza, nami nitamweleza."

Humaid alikichukua kifuniko, akakigeuza juu chini, akakinga kiganja chake chini yake, na kukitikisa. Akatikisa tena, kwa nguvu zaidi. Kiganja kilibaki kitupu.