Kumtoa Baba Bustanini

Ukoo mzima wa Mchunu pale Msinga, kwa Wazulu, ulikubaliana kwamba Mzikayifani hafai, na ulikubaliana mbele yake.

"Shida ni huo mdomo wako, kaka," dada yake Bajabulile alimwambia huku akipukuchua mahindi. "Mgodini ulifukuzwa kwa mdomo. Kanisani ulifukuzwa kwa mdomo. Hata mbwa wako alihama."

"Mbwa alikufa!"

"Alihama kwanza. Akaenda kufia kwa Gumede."

Ila hakukuwa na mtu mwingine. Kumfuata marehemu pale alipofia na kumrudisha nyumbani ni kazi ya mtoto wa kiume, na mtoto wa kiume alikuwa amebaki mmoja. Mama yao, MaKhoza, mtu wa miaka tisini na ushee, alikuwa kitandani anakataa uji. Alishasema hazikwi kwenye boma ambalo mumewe hayumo. Mumewe, Mfungelwa, alikuwa bado mjini alikofia, kwenye bustani ya wazungu, tangu Mzikayifani akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. "Nizikeni peke yangu muone," alisema. "Nitarudi kuwasumbua." Hakuna aliyecheka, maana walimjua.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unakata tawi la umlahlankosi, ule mti wenye miiba iliyopinda. Unakwenda mpaka pale mtu alipokatia roho. Unamwita kwa jina la ukoo, unamwambia tumekuja, twende nyumbani. Hapo analishika tawi. Kuanzia hapo unasema na yeye tu: Baba, hapa tunavuka mto, Baba, hapa tunapanda gari. Ukimjibu mtu aliye hai, hata kwa neno moja, umemwacha hapohapo.

Kaka yao mkubwa, Bhekizitha, alikuwa mpole kiasi kwamba akikanyagwa anaomba radhi yeye. Alikwenda mara tu baada ya uchaguzi ule wa kwanza wa weusi kupiga kura. Akamwita baba vizuri, akaanza kutoka naye vizuri. Njiani, kwenye mitende ya bustani, akapita kijana na sigara mdomoni: "Mzee, una kiberiti?" Bhekizitha akamjibu, "Sina, mwanangu." Basi. Adabu ndiyo iliyomponza. Alirudi Msinga na tawi tupu, na MaKhoza hakumtazama tena usoni mpaka maskini alipomtangulia kaburini. Wazee wakasema aliyeachwa njiani namna hiyo huitwa mara moja tu tena. Safari hii akiachwa, haitwi tena na mtu.

"Sasa kama yule mpole alishindwa," akasema Bajabulile.

"Alishindwa kwa sababu ya huo upole. Mimi nina hasira. Kiberiti changu hapati mtu."

Wakakata tawi, wakaondoka na pikapu ya jirani yao Gumede, mwenyewe akiendesha.

Geti walilolikuta hawakulijua. Uzio ulikuwa mpya, wa chuma, ncha zake zimepakwa rangi ya dhahabu, na juu yake limetundikwa bango: Bustani ya Colby inafunguliwa upya leo baada ya matengenezo, waalikwa tu.

"Kadi ya mwaliko, Babu," akasema mlinzi, kijana aliyevaa kofia kubwa kuliko kichwa.

"Baba yangu yumo humo ndani tangu baba yako hajazaliwa. Yeye alipewa kadi na nani?"

Mlinzi akaliona tawi. "We Babu, hilo ni..."

"Ndiyo lenyewe."

"Mmetoka wapi?"

"Msinga."

"Aa, ndiyo maana. Watu wa huko kwa ugomvi! Mtu sijamkosea kitu, ananigombeza." Akageuka kuangalia nyuma yake. "Wakubwa wako kule kwenye ile saa kubwa iliyopandwa kwa maua. Nikiwaingiza wawili wataniona. Ingia wewe peke yako, pitia nyuma ya banda la chai. Na nyasi, Babu, nakuomba usizikanyage. Zimeletwa na lori."

"Nyasi za lori!" Mzikayifani akapaza sauti. "Bajabulile, umesikia? Mahindi yetu yanakauka, hawa wanasafirishia nyasi kwa lori!"

"Kaka." Bajabulile akamshika kiwiko. "Yamalize yote hapa. Yatapike, usibaki nayo."

Akayatapika. Akausema uzio, akazisema zile ncha za dhahabu, akaisema serikali ya zamani na hii ya sasa, akamalizia na kofia ya mlinzi. Mlinzi alisimama akimsikiliza kama mtu anayengoja mvua ikatike. Mzikayifani alipoishiwa, akajifuta midomo, akaingia.

Hakuhitaji kuonyeshwa njia. Hapo zamani palikuwa machimbo. Mawe ya mahakama, ya benki, ya kanisa lile lenye mnara, yote yalitoka pale, na yalipokwisha mji ukabaki na shimo la maji ya kijani na mbu. Bwana Colby, diwani, akatamani bustani kama za kwao alikotoka. Jukwaa la wapiga bendi likaja na meli, chuma vipande vipande. Mitende ikaja na treni, mizizi imefungwa kwenye magunia. Wanaume wa Msinga wakaja kwa miguu. Hao ndio walioshusha udongo shimoni kwa toroli na kupanga kuta za mawe, daraja juu ya daraja, bila saruji, ili maua ya Bwana Colby yateremke mpaka kwenye bwawa la mayungiyungi. Mvua ikaulegeza ukuta wa chini. Waliokuwa wakifanya kazi walisema jamani, huu unakuja. Wakaambiwa waendelee, siku ya ufunguzi imeshatangazwa gazetini. Ukuta ukamshukia Mfungelwa. Wenzake wakamfukua, watu wa mji wakamzika wanapopajua wenyewe, na bustani ikafunguliwa siku ileile iliyotangazwa, bendi ikapigwa.

Kisha kule juu ikasimamishwa sanamu ya shaba ya Bwana Colby, ameshika ramani, yakawekwa na mabenchi, na juu ya kila benchi pakaandikwa kwamba ni la wazungu tu. Mzikayifani alipokuwa kijana, alipokuja mjini kutafuta kazi, alijipenyeza kwanza humo kuuona ukuta. Akakaa kwenye benchi lililoutazama. Hakumaliza hata kuvuta pumzi, teke la polisi likampata mbavuni. Alichoulizwa ni kitambulisho tu.

Ukuta wa chini ulikuwa palepale, umeoshwa, mawe yanang'aa, mawaridi mapya yamepandwa juu yake. Akasimama mbele yake. Akavua kofia.

"Macingwane," akaita kwa jina la sifa la ukoo, kwa sauti ndogo. "Mchunu wa Phakade. Ni mimi, Mzikayifani, yule mdogo. Bhekizitha alikukosea njiani, tunaomba msamaha. MaKhoza anakungoja. Nyumba imefagiwa, mbuzi yupo. Shika tawi, Baba, twende nyumbani."

Tawi likawa zito. Huenda ulikuwa uchovu wa mkono wake tu, mkono wa mzee. Yeye hakuwa na shaka ni nini.

Alipogeuka, waalikwa walikuwa wanashuka ngazi kumwelekea, kundi la watu wenye tai na kofia za maua, na mbele yao Bi Moodley, mwanamke wa Kihindi mwenye mvi, anayeijua historia ya mji ule na kulipwa kuieleza. Alishika kipaza sauti.

"Na hapa ndipo penye fahari ya bustani yetu," alikuwa akisema. "Kuta hizi Bwana Colby alizipanga kwa mikono yake mwenyewe, jiwe kwa jiwe, akisaidiwa na mtumishi wake mwaminifu, Jim."

"Oo," wakasema waalikwa.

Mzikayifani alihisi damu inampanda kutoka kwenye visigino. Ikapita tumboni, ikafika shingoni, ikagonga nyuma ya meno. Mdomo ulishafunguka. Akamtazama yule mama, na neno lilikuwa tayari juu ya ulimi, neno baya la mgodini. Akalizungusha. Akaligeuzia kwenye tawi.

"Baba!" akanguruma, na njiwa wakaruka kutoka kwenye paa la jukwaa. "Baba, umesikia? Wewe ni Jim! Mtumishi mwaminifu! Humu ndani Msinga nzima ilikuwa Jim, Baba! Jim wa toroli, Jim wa sululu, Jim wa ndoo, na wote walikuwa waaminifu kwa sababu asiye mwaminifu alichapwa! Bwana Colby kapanga mawe kwa mikono yake! Basi lazima ni yeye aliyeangukiwa na ukuta! Ni yeye aliyefukiwa bila jeneza, na wewe ndiye uliyesimamishwa kule juu umepakwa rangi ya shaba, umeshika ramani!"

Bwana mmoja mwenye tai akasogea. "Mzee, samahani, hapa tuko kwenye shughuli..."

"Baba, kuna mtu mwenye tai anataka ninyamaze! Mwambie mimi nilinyamaza kwenye lile benchi pale, nilipopigwa teke wakati vumbi la viatu vyako halijatoka kwenye mawe haya! Mwambie mama alikuja mwenyewe kwa kuwa sisi tulikuwa wadogo, akazuiwa getini na mtoto mgongoni, akarudi Msinga na tawi lake limekauka! Waliwaambia msisimame, Baba, bendi imeshaagizwa! Haya, leo wana bendi tena! Na nyasi za lori wanazo!"

Yule mwenye tai akarudi nyuma. Mlinzi alikuwa amekuja mbio, kofia mkononi, na badala ya kumkamata mzee akasimama kati yake na wale watu. "Msimguse," akasema. "Ana mtu."

Bi Moodley alikizima kipaza sauti. Uso wake ulikuwa umebadilika. Akaja mpaka karibu, akasema polepole, kwa Kizulu kizuri cha watu wa mji ule:

"Baba, mimi nilisoma hivyo kwenye karatasi zao. Sikujua. Niambie, baba yako aliitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Polisi hakuuliza, karani hakuuliza, wala aliyechimba kaburi. Maisha yake yote alitembea na jibu hilo, akilala nalo, akiamka nalo, amelishika kama jiwe la kumrushia atakayethubutu. Na sasa mtu anauliza kwa adabu, macho kwa macho, leo, saa hii, akiwa na baba mkononi. Hata hila ya kulipitishia kwenye tawi haikuwepo, maana mtoto hamwiti baba yake kwa jina lake. Akauma ulimi mpaka akaonja chumvi. Hasira za mwanzo zote hazikuwa kitu mbele ya hii. Alimchukia yule mama kwa kuuliza kuliko alivyomchukia kwa kutoa hotuba.

"Baba," akaliambia tawi. "Sasa ndiyo wanauliza. Twende zetu. Usigeuke."

Akaondoka kwa kukata katikati, juu ya zile nyasi, kila hatua ameikanyagia kwa kisigino.

"Tunapita kwenye bwawa, Baba. Hapa kwenye mitende, atakayekuomba kiberiti usimsikilize. Hili hapa geti."

Gumede alishafungua mlango. Baba akawekwa kiti cha mbele, Mzikayifani kando yake, na Bajabulile akabaki kupanda nyuma. Lakini hakupanda. Mzikayifani akamwona dirishani amesimama na Bi Moodley, aliyemfuata mbio, viatu mkononi. Bajabulile anatamka, yule mama anarudia baada yake, taratibu, anaandika kwenye kiganja chake.

Mwishowe akapanda nyuma, wakaondoka, na gari lilikuwa halijafika hata daraja la kwanza.

"Baba!" Mzikayifani akafoka akikitazama kioo cha mbele. "Binti yako ametaja jina lako barabarani! Kampa mgeni, bure! Jina nililoliuma mpaka damu ikatoka, yeye kaligawa kama karanga!"

Kidirisha cha nyuma kikafunguliwa. "Baba," akasema Bajabulile, nywele zinapeperuka, "mwambie mwanao mimi sikukatazwa kuongea."

"Baba, mwambie hawakustahili!"

"Baba, mwambie najua hawakustahili! Sikuwapa zawadi. Nimewapa likawakere. Kila wakisimama pale kwenye ule ukuta walitaje, washindwe kulitamka, waulizane huyu alikuwa nani na alikufaje. Mwambie hayo, yeye anayejifanya hasira zote za nyumba hii ni zake."

Gumede aliendesha, mikono miwili kwenye usukani, macho mbele, na hakuwasha redio.

Walifika jua likiwa bado juu. Mzikayifani aliwapita majirani waliomsalimu bila kuitika, akaingia chumba cha MaKhoza akiwa ameinama, akaliweka tawi ndani kabisa, upande wa wazee wa ukoo waliotangulia. "Umefika, Baba," akasema. "Hapa ndipo nyumbani."

Kazi ikawa imekwisha. Watu wakashusha pumzi. MaKhoza alijiinua kwa kiwiko kimoja, akalitazama lile tawi.

"Mfungelwa," akasema. "Wewe ulisema Krismasi."

Akajisogeza karibu na tawi.

"Ulisema Krismasi hii narudi, nasimamisha zizi jipya, siendi tena. Nikapika pombe. Nikawavisha watoto. Nikakaa pale barabarani na wanawake wenzangu mpaka wote wakapata wa kwao." Akawageukia watoto wake, macho yamewaka. "Na nyinyi mnatazama nini? Tokeni. Nina maneno na mume wangu."

Wakatoka. Nje, Mzikayifani akakumbuka kwamba sasa anaruhusiwa kuongea. Akamgeukia dada yake, akainua kidole, akajaza kifua.

"Nyamaza," Bajabulile akamwambia. "Tunasikiliza."

Ndani, sauti ya mama yao ilikuwa inapanda.