Mti wa Roda

Roda ile ilikaa nyumbani kwetu miezi miwili bila mti, na katika miezi hiyo mume wangu Sadallah aliongea nayo zaidi kuliko alivyoongea na mimi. Sisemi kwa wivu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na wivu nilikuwa nao pia.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya vita vya Wadachi, hapa Bagamoyo, upande wa Dunda. Mzungu mmoja aliyekuwa akijiandaa kwenda bara alimletea Sadallah hema lililochanika amshonee, maana Sadallah alikuwa mshona matanga tangu mguu ulipomtoa baharini. Siku ya kuondoka wapagazi walikataa kunyanyua mizigo kwa uzito wake, na Mzungu akaanza kupunguza. Akatoa viti, akatoa sanduku la vitabu, mwisho akatoa kitu cha shaba kilichofungwa katika ngozi, akamwachia Sadallah juu ya ujira wake. Alimwonyesha kwa mikono kwamba kinafungwa kwenye mti mrefu, mtu anarusha, halafu anazungusha. Mti wake wenyewe ulikuwa umevunjikia melini.

Lilikuwa gurudumu la kukunjia mshipi wa kuvulia, lenye kishikio kidogo cha pembe, na zito hata ukilishika kwa mkono mmoja kiganja kinashuka chenyewe. Tuliliita roda, kama zile roda za kupandishia matanga, kwa kuwa hatukuwa na jina jingine la kulipa. Mchana, joto linapolaza watu wote, Sadallah alilipakata na kulizungusha polepole. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kutambaa, na mimi nilikuwa nikisinzia juu ya mkeka nikiisikia mpaka ikaingia usingizini. Mara nyingi sikujua kama nimelala au niko macho. Nilikuwa nikiona bahari ikikunjwa taratibu na kuingizwa ndani ya chumba chetu.

Inafaa niseme kwa nini roda ile ilimshika kiasi kile. Miaka mitatu nyuma Sadallah alianguka kutoka mlingotini, na mguu wake wa kushoto ukaunga vibaya. Chomboni asiyeweza kusimama ni mzigo kwa wenzake, na yeye alilijua hilo kabla ya kuambiwa. Tangu siku hizo rafiki yake Husseni, ambaye walikua pamoja na kuvua pamoja, alipita kwetu kila vyombo vinaporudi. Alipiga hodi, akaweka samaki wawili watatu kizingitini, na kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshageuka, asije akashukuriwa. Ni mtu mwema Husseni. Lakini Sadallah aliacha kula samaki. Alikula wali na tui, akasema samaki siku hizi wanamkaa vibaya tumboni. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akiweka samaki kwenye vizingiti vya watu, na sasa alikuwa mtu wa kupelekewa, naye hajafika hata miaka arobaini. Nilimwona akipungua mbele ya macho yangu, wala sikuwa na dawa.

Kilichotulisha kwa hakika yalikuwa maji. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mkwere wa upande wa Lugoba, na shingo yake iliumia utotoni, hakuweza kubeba kitu kichwani. Basi alibeba mitungi miwili kwa mzegazega, mti unaolala begani na mzigo kila ncha, akauza maji kambi za wapagazi. Wanawake wa mjini walimcheka kwamba anabeba kama mwanamume wa safari. Mti wake ulikuwa wa mkole, alikatiwa na baba yake, mrefu kupita mtu mrefu, mnene katikati na mwembamba kuelekea ncha. Alipofariki ulitundikwa ukutani. Sadallah alipoanguka niliutundua nikauweka begani mwangu, na mimi nikachekwa kwa zamu yangu.

Kila asubuhi nilipounyanyua, Sadallah alipata kazi ya kuinamia. Alitafuta sindano, alitafuta uzi, alikagua kiraka alichokwisha kukikagua. Miaka mitatu sikumwona akiutazama mti ule hata mara moja. Alikuwa akiona haya, na mimi nilikasirika kwamba anaona haya, kwa sababu maji yale yalitulisha na bega lililouma lilikuwa langu.

Basi roda ikaja, na kwa mara ya kwanza akaniambia jambo analolitaka. Alisema kwa kitu kile mtu anaweza kusimama nchi kavu na kurusha ndoana ng'ambo ya mawimbi, wanakopita kolekole wakubwa maji yanapojaa. Hahitaji chombo wala mguu mzima.

"Mmoja tu, Mwanvita," aliniambia. "Samaki mmoja niliyemtoa kwa mkono wangu."

Nilimwambia tutautafuta huo mti.

Tulimwita Muhidini, mkata boriti, anayejua miti yote tangu mikokoni mpaka Msata. Muhidini aliipima roda mkononi, akasema kitu kizito namna hii kinataka mti mzito, na sote tukakubali, maana nani angesema vinginevyo. Akaleta mkoko mwekundu, umenyooka, mgumu. Sadallah alifunga roda, akapitisha mshipi kwenye vitanzi vya waya wa masango alivyovipinda mwenyewe, na tukaenda ufukoni. Kwa sababu ya mguu wake hakuweza kurusha bila kuyumba, kwa hiyo nilisimama nyuma yake, nikampa mgongo wangu auegemee. Watu walitazama, nami nikatazama mchanga. Siku ya tatu samaki alikula, mkubwa, nilisikia mgongo wa mume wangu ukikaza. Lakini mkoko haukutikisika. Ulisimama wima kama nguzo ya nyumba, na mshipi ukakatika kwa sauti kavu. Sadallah alikunja mshipi uliobaki, tukarudi nyumbani.

Muhidini akaleta mwanzi, ukapasuka pale roda ilipofungwa. Akaleta mvinje, ukavunjika siku ya kwanza. Akaleta mwanzi mwingine mnene zaidi na mikoko miwili zaidi, akaiegemeza yote ukutani, hata majirani wakauliza kama tunajenga. Sadallah alikaa mbele ya ile miti akiigusa mmoja mmoja, akaniambia hawezi tena kuchagua kwa akili yake. Ataswali istikhara, amwombe Mungu amwonyeshe ndotoni.

Watu wengine huswali istikhara kwa ajili ya ndoa, au safari ya bara, au kununua shamba. Mume wangu aliiswali kwa ajili ya mti wa kuvulia, na mimi sikucheka, ingawa nilitaka. Usiku wa kwanza akalala na udhu, hakuota kitu. Wa pili hakuota kitu. Asubuhi ya tatu nilimkuta ameketi kitandani, uso wake umetulia kupita kiasi. Akaniomba nimfulie kanzu yake nyeupe. Nikamuuliza kuna nini, akasema hakuna kitu, nikateke maji.

Niliporudi kutoka kambini jua limepanda, na maji ya nyumbani mitungini, nilimwona anatoka nyumba ya tatu kutoka kwetu, anajikongoja na fimbo. Alikuwa akipita mlango kwa mlango akiomba radhi. Mwenye nyumba ile aliniuliza taratibu kama mume wangu ni mgonjwa. Nilimshika mkono, nikamwingiza ndani, mitungi yangu bado begani, nikamwambia aseme.

Alisema amemwota mama yake. Bahari ilikuwa imekupwa mpaka haionekani, mchanga mweupe mtupu, na mama anakuja kutoka mbali na mzegazega begani. Mitungi ilikuwa imejaa pomoni lakini haikumwaga hata tone. Kila hatua ncha za mti zilishuka, zikapanda, na hapakuwa na sauti yoyote duniani. Aliutazama mti ule unavyokwenda, akatamani usifike, uendelee tu kuja. Halafu mama akafika, akatua mitungi, akamnyooshea mti.

"Nikaficha mikono yangu nyuma," alisema. "Lakini nimeelewa, Mwanvita. Maiti amenijia na mzigo. Mimi ni wa kuondoka."

Nilikaa chini, mitungi ikagonga sakafu. Nilikuwa na hofu na nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyotangulia kusema.

"Maiti akikuchukulia kitu chako, ogopa. Mama yako alikupa. Akikupa, unapokea. Mtoto yeyote wa chuoni anajua hivyo, isipokuwa wewe."

Alisema mti ule hawezi kuupokea. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mti ule umebebwa na wanawake wawili, mmoja kwa ajili ya kumlea, mmoja kwa ajili ya kumlisha, na kila akiuona anajiona yeye mwenyewe amening'inia nchani pamoja na mtungi.

Mpaka hapo na mimi nilikuwa nafikiria ndoto tu, sikufikiria mti. Lakini nilikuwa nimechoka, na mzegazega ulikuwa bado uko begani mwangu, mitungi chini. Nikasimama nayo. Mti ukapinda, ukachukua uzito polepole, kisha ukanirudishia, kama unavyofanya kila siku tangu nimeujua. Nikatua. Nikanyanyua tena. Bega langu lilijua jambo ambalo sisi wote, pamoja na Muhidini na ujuzi wake wa miti, tulikuwa tukilizunguka kwa miezi miwili. Mzigo mzito hauzuiwi kwa mti mgumu. Unanyanyuliwa kwa mti unaokubali kupinda.

Nikafungua kamba za mitungi, nikamshikisha ncha moja ya mti, nami nikavuta nyingine chini mpaka karibu na sakafu, nikaiachia. Mti ulimpeleka mkono juu. Sadallah aliutazama. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu aliutazama kutoka ncha hadi ncha, akaupitishia kidole pale katikati palipong'aa kwa mabega yetu, na machozi yakamtoka. Mimi pia nililia. Hatukuwa na aibu, mlango ulikuwa umefungwa.

Halafu akauliza, kwa sauti ya fundi, kesho nitabeba maji kwa kitu gani. Nilimwambia kesho ni ya Mungu. Ukweli ni kwamba nilijua vizuri nitakachokikosa: kichwani ningebeba mtungi mmoja, nusu ya riziki yetu, na mti ukivunjika baharini hautapatikana mwingine, maana aliyeukata yuko kaburini kule Lugoba. Niliyajua hayo yote na bado nilimpa.

Alikata kipande kifupi cha ule mkoko wa kwanza kiwe mpini, akaufunga mkole juu yake kwa kamba ya usumba, na roda akaiweka pale penye mkoko, ugumu ubebe shaba na ulaini ubebe samaki. Tulishuka ufukoni alasiri, maji yakijaa. Nikampa mgongo wangu. Aliporusha, nilisikia roda ikilia ile sauti ya mchana wa usingizi, lakini sasa ilikuwa ndefu, haiishi, na chubwi, uzito wa mshipi, ikaanguka mbali mahali nisipopaona. Kisha tukasubiri. Jua lilikuwa kwenye mchanga na ndani ya maji, joto lilipanda miguuni, na mimi, nisikufiche, nilisinzia nikiwa nimesimama, nimeegemea mtu aliyeniegemea.

Niliamka mgongo wake ulipokaza. Sikugeuka, ningemwangusha. Nikakaza miguu mchangani, nikajua kila kitu kwa mgongo wangu: samaki alipokimbia, mti ulipopinda, Sadallah alipompa mshipi na alipomnyima. Nilikuwa nikisubiri ile sauti kavu. Haikuja. Mti ulishuka, ukapanda, ukashuka, ukapanda, na mimi niliitambua ile hatua, ni ya mtu anayetembea na mitungi miwili. Tulikaa hivyo mpaka kivuli chetu kikafika majini. Watu wakaanza kukusanyika, mmoja akaingia maji ya magoti, na Sadallah akamwambia asimguse samaki.

Alikuwa kolekole, urefu wa mkono wangu wote na zaidi. Sadallah alimvuta mwenyewe, kwa makalio, kwa mguu mmoja, hadi mchanga mkavu. Kisha akalala chali kando yake akicheka, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba ana jino la pembeni lililokatika, linaloonekana akicheka tu.

Hatukumla kwanza. Alimkata vipande, akachukua kipande cha shingo, kilicho kikubwa, akakifunga kwenye jani la mgomba, akashika fimbo yake akaenda. Nilimfuata kwa mbali. Alifika kwa Husseni, akapiga hodi, akaweka samaki kizingitini, na akageuka haraka kadiri mguu ulivyomruhusu. Husseni alitoka, akaona jani, akamwona anayejikongoja njiani. Hakumwita. Alisimama pale na mkono mdomoni.

Asubuhi niliamka kabla ya watu, nikatafuta kata ya kuwekea mtungi kichwani. Mlangoni nilikuta mzegazega umeegemezwa. Roda ilikuwa imefunguliwa, mkoko umefunguliwa, vitanzi vya waya vimetolewa, na mitungi miwili imefungwa kwa fundo la baharini, lile linaloachia ukivuta ncha. Sadallah alikuwa amekaa kizingitini. Hakutafuta sindano wala uzi. Alinyanyua mti kwa mikono miwili, akauweka begani mwangu taratibu, akaurekebisha ukae sawa.

"Asubuhi ni wako," alisema. "Alasiri uniazime."

Kambini wapagazi walilalamika kwamba maji yangu siku ile yananuka samaki. Nilirudi njia nzima nikinusa bega langu.