Kibaraza cha Msusi

Shangazi yangu ni msusi, na chumba chake cha kazi ni kidogo kiasi kwamba mteja akinyoosha miguu, mlango haufungiki. Ndiyo maana alijenga kibaraza cha saruji mbele, wateja wakae hapo, vichwa vikisukwa, midomo ikimaliza habari za mtaa. Kibaraza hicho ndicho kilichonisomesha chuo.

Ndicho pia kilichoziba mtaro.

Niligundua mwenyewe, nilipotumwa na ofisi ya mazingira kupima mitaro ya mtaa wetu. Mvua zimebadilika. Siku hizi hazinyeshi taratibu. Zinamwagika asubuhi moja kama pipa lililopinduliwa, na mitaro ya zamani haizimudu. Msimu uliopita, jirani yetu aliyejifungua alilazimika kumlaza mtoto juu ya meza, maji yakiwa yamefika magotini. Karibu kila mtu alikuwa amejenga ngazi au kizingiti juu ya mtaro, lakini penye shida kubwa palikuwa chini ya miguu ya shangazi. Nilikaa na jambo hilo moyoni, nikishindwa hata kumaliza chakula alichonipikia.

Siku ya mkutano wa mtaa wa kukubaliana kubomoa vilivyojengwa juu ya mtaro, watu walisimama barabarani wamekunja mikono.

"Binti, nivunje ngazi yangu halafu ya mwenzangu ibaki?" alisema fundi baiskeli. "Atakayeanza ajitokeze, tumwone!"

Nikajibu kitu ambacho hata mimi sikukisikia.

"Paza sauti, mwanangu, huombi chumvi!" shangazi akadakia kutoka nyuma, kitana kimechomekwa kichwani. "Wewe ndiye uliyepima. Palipoziba zaidi ni wapi?"

"Shangazi..."

"Nimeuliza pameziba wapi, sijauliza jina langu."

Watu wakacheka. Nikatazama viatu vyangu.

"Ni kwako, shangazi."

Kicheko kikakatika. Shangazi akageuka, akakitazama kibaraza chake kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo yale maji ya kwa mama mtoto..."

"Yalikwama hapo, yakageukia kwake."

Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akajifunga kanga kiunoni.

"Fundi, una nyundo?"

"Ninayo. Lakini dada, wateja utawasukia wapi?"

"Juu ya kichwa chako. Lete nyundo."

Pigo la kwanza liliacha mchubuko mweupe tu. Vidole vyake, vinavyoweza kugawa nywele nyembamba kama uzi, havikuwa vimezoea mpini wa nyundo. Akapiga tena. Na tena.

"Dada, unakivunja au unakibembeleza?"

"Njoo upige wewe, mwenye mdomo!"

Fundi akapiga mpaka kipande kikaanguka mtaroni. Halafu akaondoka bila kuaga. Nikadhani amechoka, kumbe alifuata mtaimbo. Akaenda kusimama mbele ya ngazi yake mwenyewe, akashusha pumzi, akaipiga. Muuza nguo wa jirani akaanza kuhamisha meza yake. Mwingine akaleta koleo. Nikavua viatu, nikaingia mtaroni kuzoa tope pamoja nao.

Kibaraza kilipokwisha, shangazi alibaki ameshika kigoda, hajui akiweke wapi.

"Leta huku," fundi akasema, akisukuma baiskeli zake ukutani. "Kivuli changu kinatutosha."

Shangazi akajipangusa vumbi usoni, akakaa.

"Haya, mteja wa kwanza nani? Na asiniletee deko kuhusu harufu ya grisi!"