Siku Tatu za Jokébed

Jokébed alikuwa mwimbishaji wa kwaya katika kanisa moja la Waprotestanti pale Butembo, na sauti yake ilijulikana hata kwa wasiosali. Mwaka ule wa 2001, vita vikiwa vimezunguka mji, kansa ya tumbo la uzazi ilimlaza upande mmoja, magoti kifuani, akiuma pembe ya kitenge ili majirani wasisikie.

Infirmière Kyakimwa, muuguzi wa dispensaire ya kanisa, alikuja kila asubuhi kumwosha na kumgeuza. Siku moja alimwita mume wa mgonjwa, Mathe seremala, wakasimama uani.

"Baba Rébecca, tusidanganyane. Ile ugonjwa haitapona tena. Lakini maumivu inaweza kutulia. Mimi niko na paracétamol tu, na ni kama kutemea moto mate. Ku Beni, pale Beu, kuko munganga mwenye iko na morphine ya maji. Inatokaka Uganda."

"Na barabara?"

Kyakimwa akatikisa kichwa. Kalunguta, kwenye barabara hiyo ya Beni, askari walikuwa wanapigana, na gari lilikuwa halijapita wiki mbili.

Mathe alimwachia binti yake Rébecca uuguzi, akaondoka na baiskeli na barua ya Kyakimwa kabla umande haujakauka. Siku mbili alipita njia za wakulima, katikati ya mihogo na kahawa, akibeba baiskeli begani penye matope. Munganga wa Beu alisoma barua ya Kyakimwa, kisha akampa chupa ya plastiki iliyojaa na kikombe kidogo cha kupimia.

"Kila baada ya saa nne. Usingoje alie kwanza. Hii itamutosha wiki tatu."

Mathe akaifunga kifuani, ndani ya shati.

Wakati wa kurudi, karibu na Kalunguta, alitokea ghafla mbele ya askari watano. Mwenzao wa sita walikuwa wamemlaza juu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba ya mtu, mguu umevunjwa na risasi, anamwita mama yake. Mkubwa wao akampapasa Mathe, akaishika chupa.

"Nini hii?"

Mathe hakuzoea uongo. "Dawa ya maumivu, afande. Ni ya bibi yangu. Iko anakufa."

"Na huyu je? Hauone naye iko anakufa?"

Walitaka kumnywesha majeruhi moja kwa moja kutoka chupani. Mathe akapiga kelele kwamba watamuua, akachukua kikombe, akapima mwenyewe, akamwinua kichwa yule kijana wa watu. Wakangoja. Punde kilio kikapungua, kikakoma, na mgonjwa akauliza kiatu chake kiko wapi.

Mkubwa akaitazama chupa kwa macho mengine. "Hii inabaki. Tuko na bengine benye kuumia kule nyuma."

Mathe akapiga magoti. "Muniachie nusu, afande. Kwa jina la Mungu."

Akamiminiwa dawa ya kina cha vidole viwili ndani ya chupa tupu ya Fanta. "Kwenda, papa, kabla nibadilishe roho."

Jioni ya siku ya pili ya kurudi alifika nyumbani. Jokébed alikunywa, na kwa mara ya kwanza mwezi ule akanyoosha miguu. Kesho yake aliomba asukwe nywele. Akaketi mlangoni juani, akala matonge matatu ya bugali na sombe ya majani ya mihogo, akamgombeza Rébecca kwa kuzidisha chumvi. Wanakwaya walipokuja kumsalimia, aliwasimamisha katikati ya wimbo: sauti ya alto inakosea. Akacheka. Mathe, aliyekuwa anapiga randa uani, aliacha kazi, akamwangalia.

Siku ya tatu ya dawa walisuuza chupa kwa maji, Jokébed akanywa hayo maji.

Siku ya nne aliuma kitenge.

"Baba Rébecca, kuko ingine?"

"Hapana, Mama Rébecca."

Akafumba macho. "Afazali nisingeijua."

Mathe alichukua tena baiskeli. Mwisho wa mji alikutana na watu wa Kalunguta, magodoro kichwani, mbuzi mkononi. Mzee mmoja akamshika usukani. "Kule hakuna njia tena, mwana wangu. Hata ya miguu." Akarudi. Kyakimwa akamwonyesha namna ya kuweka mto katikati ya magoti ya mgonjwa, na namna ya kulowesha midomo yake kwa kitambaa. Mathe alifanya yote mawili, mara nyingi, siku tisa.

Siku ya tisa, kabla ya saa sita mchana, alitoka kutafuta paracétamol. Rébecca alimkuta njiani anarudi, vidonge sita mkononi. Mathe alimwona binti yake anavyotembea, akajua Jokébed amekata roho, akavitia vidonge mfukoni.