Mkate wa Jumamosi

Mume wangu ni fundi wa kuezeka, na wenzake wanamwita Kioo. Hawakukosea. Mwaka juzi alivunjika mkono akivuta mlango uliokwama. Mwaka jana alipiga chafya, ubavu ukavunjika. Msimamizi akamshusha paani: apange misumari chini mpaka daktari aandike kwamba mifupa yake inaweza kumbeba mtu mzima. Kwa Kioo, huo ulikuwa msiba.

Mama yake alikijua chanzo. Mimi.

"Mwanangu hapa hali akashiba," alisema, na kila Jumamosi akaja na mkate mkubwa wa ngano aliouoka mwenyewe, akaketi mbele yake mpaka aumalize. "Kula, baba. Mifupa haijengwi kwa maneno."

Kioo alikula, tumbo likajaa kama ngoma, mbio chooni.

"Tumbo halijazoea kushiba," mama mkwe akaniambia. Nikampakia mwanawe siagi kwenye kipande kingine. Kwa hiyo nami nimo.

Daktari alimpima damu, kisha wakampitishia mpira wenye kamera mpaka kwenye utumbo. Akatuita wote watatu.

"Ngano ndiyo inayomuumiza," alisema. "Inachubua utumbo, chakula kinapita bila kufyonzwa, mifupa inabaki na njaa. Asiiguse tena maisha yake yote."

Miaka sita nilikuwa nimeyatunza maneno ya siku kama hiyo. Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa amekumbatia mkoba, mkate ukiwa ndani. Maneno yale nikayaacha. Nilimwonea huruma, sikutegemea.

Daktari naye alikuwa akiutazama mgongo wa mama mkwe, ule tuliosema umepinda kwa uzee. "Na tumbo lako, mama?"

"Langu gesi tu. Mwaka wa thelathini huu."

"Ugonjwa huu hufuata damu ya ukoo. Kesho uje upimwe."

Alikuwa nao.

Kioo alirudi paani baada ya mwaka na nusu, na sasa anapiga chafya kwa maringo. Mgongo wa mama hautanyooka tena, daktari hakumficha. Jumamosi anakuja mikono mitupu, anakula wali na maharage yangu, analalamikia chumvi.

Juzi alikula vijiko vitatu, akaisukuma sahani. "Nimeshiba."

Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake.

"Kula, mama," nikamwambia. "Mifupa haijengwi kwa maneno."

Akairudisha sahani mbele yake, akachukua kijiko.