Oili ya Kila Alasiri

Tangu mitihani ianze, Idil hakuiacha cheni ya pikipiki ikauke hata siku moja. Kila alasiri, akishaswali na kumlaza Khalif wake wa miezi saba mkekani, alichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma na kopo la oili nyeusi, ile inayomwagwa kutoka injini za malori, na mswaki mkuukuu. Alichovya, akapaka, akazungusha gurudumu, akapaka tena mpaka oili ikadondoka mchangani. Majirani walimcheka.

"Wallahi, chuma hicho kinaogeshwa kuliko mtoto!"

Wacheke. Chuma hicho ndicho kilichompeleka Masalani kufanya mtihani wa kidato cha nne, kikamrudisha Kotile siku hiyo hiyo, maana hakuwa na ndugu wa kulala kwake kule. Yeye aliandika ndani. Guled, mumewe, alimshika mtoto nje ya ukuta. Darasa la jioni lilianza na wanawake kumi na mmoja, akabaki yeye. Mwalimu wao, Sahara, ameshapewa uhamisho na darasa linafungwa Desemba, kwa hiyo hakuna kusema atarudia mwakani. Tena Jumanne ilikuwa Hisabati. Ukiikosa Hisabati huna gredi, na hizo karatasi nyingine ulizofanya ni bure.

Jumatatu alipompelekea Guled chai stejini, pale waendesha bodaboda wanaposubiri abiria, alikuta wanaume wamemzunguka Abdijabar na pikipiki yake kubwa, aliyoinunua kwenye mnada wa shirika moja la misaada kule kambi ya Ifo. Haikuwa na cheni. Nguvu ya injini ilipita kwenye chuma kimoja kirefu, shafti, kilichofungiwa ndani ya bomba pamoja na mafuta yake.

"Mchanga unaingilia wapi hapa? Nionyesheni!" Abdijabar alijigamba, akilipiga bomba kofi. "Nyinyi na cheni zenu, kila siku kukaza, kila siku kupaka. Mnafuga pikipiki au mnafuga mgonjwa?"

"Ngoja hiyo shafti ife," Guled akamjibu. "Utaizika kwa sanda. Spea yake haiko Garissa, haiko Nairobi. Yangu ikikatika, Halkano anaiunga kwa nyundo na jiwe."

Halkano, fundi aliyehamia pale kutoka Wajir, alicheka kidogo. Alimtazama Guled, akawa kama anataka kusema neno, kisha akainamia kazi yake.

"Abaayo, dada yangu," Abdijabar akamgeukia Idil, "kesho si ndiyo ile siku kubwa? Mimi naenda Masalani alfajiri. Panda kwangu, ufike mapema."

"Mke wangu apande kwako, na yangu ina magurudumu mawili?" Guled aliruka. "Waryaa, wewe, nimekufa?"

Watu wakacheka. Idil angeweza kusema lolote. Alisema, "Ahsante, walaalo, ndugu yangu. Cheni yetu naipaka mwenyewe, naijua."

Alisema kwa fahari, na alasiri ile akapaka mara mbili.

Alfajiri waliondoka watatu, Khalif kifuani pa mamaye. Mvua za Novemba hazikuja mwaka ule, na barabara ilikuwa unga mtupu. Walipofika karibu nusu ya njia, cheni ilianza kuruka, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Kisha kishindo, injini ikanguruma peke yake, pikipiki ikasimama.

Guled alikuwa na kiungo cha akiba. Akaunga. Wakaenda kama mita mia, ikachomoka. Akakaza, ikachomoka tena. Idil akainama kutazama. Meno ya gia ya nyuma yalikuwa yameliwa, yamebaki makali na membamba kama ya paka. Akaigusa cheni, akasugua oili kati ya vidole viwili. Ilikwaruza. Akasugua tena, polepole, maana akili yake ilikwisha kufika mahali moyo haukutaka kufika.

"Guled, huu ni mchanga."

Guled akaweka spana chini.

"Oili inashika mchanga. Ni msasa huu. Ni mimi niliyeisaga."

"Halkano aliniambia," Guled akasema, macho yako kwenye gurudumu. "Siku ya karatasi ya kwanza. Alisema kwenye mchanga huu cheni hupanguswa kwa mafuta ya taa na kitambaa, inaachwa karibu kavu."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Nikakukuta umechuchumaa, mikono myeusi, unakariri fomula zako huku unapaka. Nikashindwa, Idil. Nikasema, acha, mtihani ni siku chache tu."

Hakumpigia kelele. Angempigia kelele gani? Simu haikuwa na mtandao, na Abdijabar alikwisha pita kitambo. Wakaiburuta pikipiki kivulini na kutembea, jua likapanda, mtoto akalia, akanyonya, akalia tena. Lori la mbuzi lililowabeba lilikuwa zito na dereva wake hakuwa na haraka. Idil alitazama saa ya simu mpaka hakukuwa na haja ya kuitazama tena.

Getini, mlinzi alienda kumwita msimamizi. Msimamizi alikuwa mama mtu mzima, mpole kabisa, na upole wake ndio uliomaliza maneno.

"Mama, saa nzima imepita tangu karatasi ianze. Hata nikitaka, siwezi."

Guled alianza kubishana. Idil akamvuta mkono. Wakakaa ukutani, kwa kuwa hakukuwa na gari la kurudi kabla ya jioni.

Karatasi ilipoisha, watahiniwa walitoka kwa makelele. Msichana mmoja, Ikran, aliyekaa jirani naye siku zote zile za mtihani, akamjia mbio.

"Ulikuwa wapi? Kulikuwa na lile la tenki! Bomba moja linajaza kwa saa nne, lingine linamwaga yote kwa saa sita, yote mawili yamefunguliwa. Linajaa baada ya saa ngapi?"

Idil alimhamishia Khalif bega la pili. Midomo ikacheza kidogo kwa hesabu.

"Kumi na mbili."

"Eeh! Hata mimi nimepata kumi na mbili!" Ikran akapiga makofi kwa furaha, kisha akakumbuka, akashusha mikono.

"Vizuri," Idil akamwambia, na alimaanisha. "Nenda ukale kabla ya karatasi ya mchana."