Ini la Ng'ombe wa Nosim

Mika Anande hakuwa mtu wa kujishusha, na siku aliyovishwa nishani hakuona sababu ya kuanza. Tangu asubuhi, nyumbani kwake Nkoaranga, alisimama mbele ya kioo akilivuta koti la suti huku na huku, na kila mara akimwuliza mkewe kama limekaa sawa mabegani.

"Limekaa," Tabea akamjibu. "Jana lilikaa, juzi lilikaa. Baba Ruth, hilo koti lingekuwa na mdomo lingekuomba ruhusa lipumzike."

"Cheka tu. Leo Malkia ananishukuru."

"Malkia hakujui hata kwa sura. Anayejua unavyokoroma ni mimi."

Mika hakukasirika. Kati ya watu wote wa mlimani, Tabea ndiye pekee aliyekuwa hamwogopi, na kwa hilo alimpenda mno.

Uwanjani, mbele ya ofisi za serikali mjini Arusha, mambo yalikwenda kama alivyotaka. Bendi ya polisi ilipiga, wazee wa kanisa walikaa vitini, wafanyabiashara wa mjini walisimama na kanzu zao zilizonyooshwa, na wauguzi wakapiga vigelegele kabla hawajaambiwa. Bwana DC akasoma karatasi yake. Alisema tabibu huyu ameitumikia hospitali tangu ujana mpaka leo anapostaafu, na kwamba ndiye aliyeufuatilia, mwaka hadi mwaka, ugonjwa wa ini uliokuwa ukiwamaliza wafugaji wa upande wa kaskazini wa Meru.

Na kweli aliufuatilia. Alipasua maini ya ng'ombe na kondoo machinjioni mpaka wachinjaji wakamzoea kama mmoja wao. Alichungulia vinyesi vya mbwa kwenye hadubini huku wenzake wakiziba pua na kumcheka. Mwishowe akauona mzunguko wote. Mbwa akitupiwa ini lenye malengelenge, anaota minyoo midogo tumboni. Mayai ya minyoo ile yanatoka na kinyesi, yanaganda manyoyani mwake, yanaingia majini. Mtoto akimkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa, amekwisha kuyameza. Ini lake nalo linaanza kuota malengelenge yaliyojaa maji, polepole, miaka kwa miaka, mpaka tumbo linaumuka. Madaktari wa Ulaya walikuwa wameyachunguza hayo katika nchi nyingine. Aliyeyathibitisha hapa, kwa watu wa hapa, ni Mika, na jina lake likachapishwa katika jarida la madaktari, tena mbele, si chini ya la mtu mwingine. Hilo alilipigania na akalipata.

Akafungwa nishani kifuani, akapigwa picha, akasema asante yake kwa sauti ambayo haikutetemeka hata chembe.

Lakini kilichokuwa kimemkosesha usingizi wiki nzima hakikuwa nishani. Lilikuwa ini.

Siku hiyo hiyo, baada ya sherehe ya serikali, alikuwa amealikwa Oldonyo Sambu, kwa bibi mmoja aitwaye Nosim. Na kwa Nosim kulikuwa na desturi ambayo kila mtu wa upande ule aliijua. Ng'ombe akichinjwa kwa ajili ya mgeni, ini ndilo linaloanza kuchomwa, na mwenye mji mwenyewe hulibeba kwa mkono wake na kumpa mtu ambaye neno lake limekubaliwa katika nyumba ile. Mgeni mwingine atakula vizuri tu, mbavu, nundu, paja, ashibe ajilambe vidole. Ila kama hakupewa ini, amelishwa kwa adabu, basi. Maneno yake ayachukue arudi nayo kwao.

Mika alikuwa amelishwa mbavu kwa Nosim mara nyingi mno.

Mara moja hakulishwa hata hizo. Ilikuwa baada ya mazishi ya binti wa Nosim, Simaloi, msichana mwenye tumbo lililoumuka aliyeletwa hospitalini akiwa amechelewa. Mika, kijana wakati ule, mwenye elimu mpya na ulimi usio na breki, alikwenda kutoa pole, na katikati ya pole akaanza kueleza habari za mbwa. Lo! Nosim alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama.

"Kwa hiyo mwanangu nimemuua mimi," alisema, "kwa mbwa wangu."

"Yeyo, mama yangu, sikusema hivyo."

"Umesema. Na tukiwafukuza mbwa, fisi akija usiku utabweka wewe? Toka."

Akatoka. Lakini akarudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena, maana Mika akishajua kitu hawezi kukiacha kama kilivyo. Alizunguka nyumba hadi nyumba akisema maneno yale yale: pasueni ini kabla ya kulila, likiwa bovu lichomeni na kulifukia, fungeni mbwa siku ya kuchinja, nawisheni watoto. Alijifunza hata kuyasema kwa Kimaasai, vibaya, watu wakacheka. Nosim akamvumilia, akampa maziwa na mbavu. Ini lilipita mbele ya pua yake likaenda kwa wengine.

Kwa hiyo mjumbe wa Nosim alipofika na kusema, "Bibi amesikia habari ya nishani, anamchinjia tabibu ng'ombe, aje na njaa," Mika alishindwa kuficha meno.

"Safari hii napewa," alimwambia Tabea.

"Na usipopewa?"

"Nitapewa."

"Mimi nauliza tu, ili nijue nikukalie upande gani nikushike mkono."

Walikwenda na Jamaldini, rafiki yao wa mjini, mwenye lori la kubeba kahawa. Barabara iliuzunguka mlima, migomba ikaachwa nyuma, vumbi likaanza, na upepo wa Oldonyo Sambu ukawapiga usoni ukiwa na harufu ya ng'ombe. Jamaldini aliombwa achinje yeye, ili nyama ile iliwe na kila mtu aliyekuwapo. Akachinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, akanawa, akarudi kukaa na wageni, huku kazi ya kuchuna na kukata ikibaki kwa watu wa nyumbani nyuma ya zizi.

Wazee walikuwa wamekaa duara kwenye vigoda vyao. Mika alipewa kiti kizuri. Nosim akaja kumsalimu, amepinda mgongo sasa, shanga zimemlala shingoni. Mika akainama akamwamkia, "Shikamoo, yeyo." Nosim akamwekea mkono kichwani kama mtoto, akaitazama ile nishani kwa karibu, akaigusa kwa ukucha.

"Inalika?" aliuliza.

Wazee wakaangua kicheko. Mika naye akacheka, moyo mweupe. Siku yenyewe ndiyo hii, alijisemea.

Nyama ikaanza kuja. Mbavu zikaja. Akapewa, akashukuru, akazishika tu bila kuzila, maana hataki kushiba kabla ya lililo lake. Nundu ikaja. Bega likaja. Mika akanyoosha shingo kuelekea zizini. Nosim alikuwa ametoweka. Wazee walikula wakiongea mambo ya mvua na bei ya mahindi, na kila alipojaribu kumtazama mmoja wao machoni, yule mzee aligeukia mfupa wake.

"Jamaldini," akanong'ona. "Ng'ombe uliyemchinja alikuwa na ini?"

"Bwana Tabibu, mimi nilikata shingo. Ndani sikuingia."

Paja likaja. Baada ya paja huwa hakuna kingine.

Hapo damu ikampanda. Mtu aliyekuwa ameshika maini mkononi maisha yake yote, anayeweza kukuambia ini limekaa vipi kwa kulibonyeza kidogo tu, hakuwaza jambo lolote lile isipokuwa moja: kuna mtu mwingine aliyepewa. Nani? Yule mzee wa kushoto, aliyekuwa anatafuna kwa raha namna ile? Wamemwita kutoka mjini, na mkewe, na rafiki yake, waje waone anavyolishwa mbavu tena na nishani kifuani! Akauonea aibu uchungu wake, na aibu ikamzidishia hasira.

Tabea alimshika mkono. Hakufaulu. Mika akasimama.

"Wazee wangu," alisema, na sauti iliyokuwa imara mbele ya Bwana DC sasa ilikatika. "Naomba niulize, na mnisamehe. Ini la ng'ombe huyu amepewa nani?"

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akaweka mfupa chini taratibu, akajifuta mikono kwenye shuka lake, akatazama miguu yake. Hawakuwa na uso wa watu waliomdharau mgeni. Walikuwa na uso wa watu waliofumaniwa.

"Hakupewa mtu," sauti ikasema nyuma yake. Nosim alikuwa amesimama pale, ananuka moshi, macho mekundu. "Nilijua utauliza. Njoo."

Akamfuata. Wakapita kando ya zizi, wakazunguka ua wa miiba, upande ambao upepo ulikuwa unaupeleka moshi mbali na wageni. Kulikuwa na shimo refu lililochimbwa muda si mrefu. Ndani yake moto ulikuwa unawaka, na juu ya moto, ini zima la yule ng'ombe lilikuwa linaungua. Lilikuwa halijaungua lote. Mika aliyaona yale malengelenge, meupe, yamebanana, mengine yakipasuka na kumwaga maji yake kwenye makaa. Mke wa mtoto wa Nosim, Namnyaki, alikuwa amesimama ukingoni na mti mrefu, akilisukuma kila linapoteleza. Na mbwa wa nyumba ile, wote, walikuwa wamefungwa kwa kamba kwenye nguzo za ua, wakilia kwa uchu.

"Lilikuwa bovu," Nosim alisema. "Namnyaki alilipasua kabla ya kulichoma, akaniita. Ng'ombe niliyemchagua mwenyewe! Nilimtafutia mgeni wangu ng'ombe mzuri kuliko wote, na ndani yuko hivi. Wazee wakasema tukaombe ini la mbuzi kwa jirani, tulete, usijue kitu. Nimekataa. Nimeona haya mpaka nikajificha huku kwenye moshi, lakini nimekataa. Nikudanganye wewe kwa ini? Wewe?"

Mika aliinamia shimo, akayatazama tena yale malengelenge.

"Ungeniita, yeyo."

"Nikuite uje ufanye nini? Utuambie tunachokijua?"

Namnyaki akacheka kidogo, akajiziba mdomo kwa heshima.

"Na mbwa," Mika akauliza, taratibu sasa, kama mtu anayeogopa jibu. "Mmewafunga kwa sababu nimekuja mimi?"

Nosim akamtazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba ameulizwa kama ng'ombe hukamuliwa.

"Wanafungwa kila tukichinja. Nyumba zote za huku. Ulidhani tunakungoja wewe?"

"Watoto wangu hawajui kama kuna namna nyingine," alisema Namnyaki. "Wadogo hata jina lako hawalijui, baba. Wanasema tu, siku ya kuchinja ni siku ya kamba."

Kando ya ua watoto walikuwa wanacheza, matumbo yao bapa, wanakimbizana kuelekea kwenye kibuyu cha maji kilichotundikwa, ambako bibi mwingine alikuwa anawanawisha mmoja mmoja kabla ya nyama, akiwakaripia. Mika aliwatazama muda mrefu. Aliyatazama yale matumbo kama tabibu, kwa mazoea, akitafuta ubaya, akaukosa. Alimkumbuka Simaloi, na alipomgeukia Nosim akajua kwamba naye anamkumbuka, kwa sababu alikuwa anawatazama watoto hao hao.

"Nilichukia maneno yako," Nosim alisema, "kwa kuwa yalikuwa ya kweli na ulikuja nayo mapema mno, udongo wa kaburi haujakauka. Ungekaa siku chache ukanyamaza. Lakini nilipomaliza kukuchukia nilikwenda kutafuta kamba."

Mika alitaka kusema jambo kubwa. Alikuwa hata na hotuba mfukoni, aliyoiandaa kwa ajili ya saa ya kupokea ini, yenye shukrani kwa wazee na mawaidha kwa vijana. Hakuna hata neno moja la hotuba ile lililofaa mahali pale.

"Asubuhi nimevishwa nishani mbele ya Arusha nzima," alisema, "nikashukuru bila kigugumizi. Hapa kwako, yeyo, nakosa neno."

"Basi usiseme," Nosim akamjibu. Akaokota koleo lililokuwa limelala kando ya kifusi, akamkabidhi. "Moto umeshafanya kazi yake. Fukia."

Mika akalishika. Akafukia, akimwaga udongo koleo baada ya koleo, machozi yakimtiririka waziwazi na asione sababu ya kuyafuta, mpaka Tabea alipokuja kumtafuta na kumkuta anaushindilia udongo kwa viatu vyake vya sherehe.